Nasoro Alipogeuka Mkali

Mtu wa kwanza kutukanwa na Nasoro alikuwa Maman Georgette, mteja wake wa tangu zamani. Alikuwa amechukua kitenge cha rangi ya samawati na kukipeleka mlangoni ili akitazame vizuri kwenye mwanga, kama alivyozoea, na Nasoro akamwambia kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani:

"Kila siku unashika-shika tu! Mikono yako iko na mafuta. Nenda kachafue vya kwako nyumbani."

Soko zima la Nyawera lilimjua Nasoro kwa upole wake. Wafanyabiashara wenzake walikuwa wakimtania kwamba hata mwizi yeye angemwita tonton, yaani mjomba, na kumpa kiti akae. Mkewe, Zabibu, aliyekuwa nyuma akikunja nguo, alitoka mbio akamfuata Maman Georgette hadi kwenye kituo cha moto, zile pikipiki za abiria.

"Maman, utusamehe. Pengine hakulala muzuri."

"Zabibu, ile haiko usingizi," Maman Georgette alimjibu. "Ile ni dharau."

Zabibu aliporudi dukani alimkuta mumewe akicheka peke yake.

Kuanzia siku hiyo mambo yakazidi. Nasoro alisukuma sahani akisema mchuzi unanuka. Alitoka nyumbani bila kuoga, yeye ambaye Zabibu alizoea kumwona akipaka mafuta hata kwenye visigino. Walipokwenda kuzika mzee mmoja wa msikitini, watu wakiwa wamesimama kwenye swala, alicheka kwa sauti, na wanaume wawili wakamshika mkono na kumtoa pembeni. Baadaye Zabibu alipomuuliza, alimtazama kama mtu anayeulizwa habari za nchi nyingine.

Wanawake wa sokoni hawakuchelewa kupata maelezo. Mwanaume akianza kumchukia bibi wa nyumbani, walisema, ujue amepata mwingine. Tena Nasoro alikuwa na safari za Uvira kufuata bidhaa. Huko ndiko mwanamke aliko. Zabibu mwanzoni aliwakatalia. Lakini hakuwa na maelezo mengine, na hayo yalikuwa karibu, kwa hiyo taratibu akayachukua yakawa yake.

Siku moja wakiwa wamekaa kula chakula cha mchana alimuuliza, akimwita kwa jina la binti yao.

"Papa Malaika, kama kuko mwanamke, sema tu. Mi nitasikia."

Nasoro aliweka kijiko chini. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa.

"Mwanamke gani? Mi nilimutaka Mwavita. Weye, walinipa tu."

Mwavita ni mdogo wake Zabibu, mjane anayeishi Uvira. Zabibu aliinuka, akaosha mikono, akaingia chumbani na kuburuta godoro lake hadi kwenye chumba alichokuwa akilala binti yao Malaika kabla hajaolewa. Hakupiga kelele wala kulia mbele yake.

Wakaishi hivyo. Zabibu alipika, akaweka chakula mezani, akaondoka. Dukani aliacha kwenda. Mumewe alipoingia, yeye alitazama ukuta, au sufuria, au simu yake. Kwa kuwa hakumtazama, hakuona kwamba Nasoro anagonga bega la kushoto kwenye mlango kila anapopita, wala kwamba kandambili ya mguu wa upande huo humtoka njiani naye anaendelea kutembea. Asubuhi moja alimsikia akitapika nje ya mlango wa chumba chake. Akajifunika shuka kichwani.

Mwishowe alimpigia simu Malaika, aliyekuwa mwalimu katika kijiji cha Miti, kumwambia kwamba amechoka na anarudi kwa kaka zake. Malaika hakubishana naye kwenye simu. Jumamosi alipanda gari, akaja.

Baba yake alimpokea vizuri. "Malaika, umekuya! Wanafunzi banaendelea?" Malaika akamjibu. Akamhadithia kidogo habari za shule, na alipomaliza Nasoro akauliza tena, kwa furaha ileile, "Wanafunzi banaendelea?"

Chai ilikuwa ya moto. Nasoro alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, na akiwa katikati ya maneno kikombe kikainama chenyewe, chai ikammwagikia pajani. Yeye akaendelea kuongea. Malaika aliruka kimeza kilichokuwa kati yao na kumnyang'anya kikombe.

"Papa! Hausikie moto?"

Nasoro aliutazama mkono wake kwa mshangao, kana kwamba mgeni ameuacha pale juu ya goti lake.

Malaika alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, tangu lini papa anavuta muguu?"

"Mi sijuwe. Simwangalie."

"Mama."

"Alinitukana, Malaika. Haujuwe kile aliniambia."

"Sisemi hakukutukana. Minasema toka hapa uende umwangalie. Papa haiko na hasira. Papa iko mugonjwa."

Zabibu alisimama mlangoni mwa sebule akamtazama mumewe. Alikuwa amekonda. Vifungo vya shati vilikuwa vimepishana, pembe moja ya mdomo ilikuwa imelegea, na suruali ilikuwa bado inatoa mvuke wa chai. Naye Nasoro, alipomwona mkewe anamtazama, alitabasamu kwa upande mmoja wa uso.

Hospitali walipokewa na daktari mmoja kijana aitwaye Télesphore, mtu wa maneno machache. Alimgonga Nasoro magoti, akamwambia afumbe macho na anyooshe mikono yote miwili. Wa kushoto ulishuka polepole hadi kitandani.

"Aliangukaka?" daktari aliuliza.

"Hapana," alisema Zabibu. Kisha akakumbuka. Ilikuwa siku ya mvua, kabla ya Idi na kabla ya ukali wote huu. Nasoro alikuwa anateremka ile ngazi ya mawe inayokwenda nyumbani kwao, akateleza, akagonga kisogo. Aliingia ndani na matope hadi shingoni, akijicheka mwenyewe, na Zabibu akamkanda kwa maji ya chumvi huku wote wawili wakicheka. "Lakini ile ilipita, docteur. Hata damu haikutoka."

Walipomaliza kumpiga picha ya kichwa, daktari alisema, "Haikutoka inje. Ilivuja mu kichwa, polepole, ikakandamiza ubongo." Akawaonyesha kwenye kioo sehemu iliyosukumwa. "Mutu anageuka. Mupole anakuwa mukali, anasema vitu, anacheka mahali batu banalia. Jamaa banawaza ni ulevi ao ni roho mubaya. Kama mungemuleta mapema…"

Aliita wenzake watayarishe chumba cha upasuaji.

Walimtoboa fuvu, wakaitoa ile damu. Kesho yake Nasoro alifungua macho, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Zabibu, nani amefungua duka?"

Sauti ilikuwa dhaifu lakini ilikuwa ya kwake. Zabibu alikaa sakafuni, pembeni ya kitanda, akalia hadi mama wa mgonjwa wa jirani akaja kumwinua. Maman Georgette alipopata habari alikuja na supu, na Nasoro akamuuliza habari za watoto wake, mmoja baada ya mwingine, kwa majina, kama zamani. Hakukumbuka kitu. Kipindi kile chote kilikuwa kimefutika.

Zabibu alikuwa akimwosha mikono, akimlisha, na kila mara lile swali la Mwavita lilimfika mdomoni. Siku moja Nasoro ndiye aliyeanza.

"Malaika anasema nilikuwa mubaya. Nilikuhangaisha?"

"Ulikuwa mugonjwa."

"Nilisema maneno?"

"Hapana," alisema Zabibu. "Hakuna kitu ulisema."

Nasoro akamshukuru Mungu, akafumba macho. Hakupata tena nafasi ya kuulizwa. Homa ilianza, daktari akasema kidonda kimeingiwa na vijidudu, wakabadilisha dawa, wakabadilisha tena. Nasoro alifariki siku ya Ijumaa, kabla ya adhana ya mchana, Zabibu akiwa amemshika mguu ule wa kushoto kwa sababu alidhani una baridi.

Mwavita alifika kutoka Uvira siku ya pili ya msiba. Alimkumbatia dada yake, akakaa kando yake kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine. Wote walikuwa wakisema mambo mema ya marehemu. Wageni walipopungua, wakabaki wawili.

"Mwavita, nikuulize. Nasoro alikutakaka weye?"

Mwavita aligeuka kumtazama.

"Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe. Mu ugonjwa."

"Alituma shangazi yake nyumbani," Mwavita alisema mwishowe. "Mi nikakataa, nilikuwa na mwenye nilimutaka. Baba akasema tufunge kinywa. Mwaka ulipopita, Nasoro akarudi kwa ajili yako. Zabibu, minakuapia, toka ile siku hakuniangalia tena. Hata jina langu alikuwa analisahau, aliniita mudogo wa Zabibu."

"Alisema mi, walimupa tu."

"Ile sijuwe. Mi sikuona ndani ya moyo yake."

Zabibu aliitikia kwa kichwa. Mdogo wake alisubiri ghadhabu, au kilio, na kwa kuwa hakuona chochote akaanza kulia yeye.

"Wacha," Zabibu alimwambia. "Ile neno, na miaka yote tuliishi, nitaibeba tu. Haiko ile inaniua." Aliushika mkeka, akawa anachomoa uzi wake mmoja mmoja. "Asubuhi moja alitapika kwa mulango yangu, Mwavita. Nilikuwa macho. Nilimusikia mpaka akamaliza, nikamusikia anatafuta maji yeye peke yake. Na mi sikutoka."

Mwavita akasogea, akaweka kichwa chake begani kwa dada yake. Nje, Malaika alikuwa akipanga viti walivyoazima, kimoja juu ya kingine, ili vijana waje kuvirudisha msikitini.