Nyama Inayotoa Damu

Panga lilipoingia kwenye muundi wa kaka yangu Simai lilitoa sauti ya mtu anayepasua dafu. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nacheka. Tulikuwa diko la Chwaka, pale ngalawa zinaposhusha samaki, na Matar, mtoto wa ami yetu, alikuwa anamtuhumu Simai kuwa kamkombea samaki kwenye dema lake. Mimi nikawaambia watu dema la Matar halihitaji mwizi: samaki akiingia akauona uso wa mwenyewe, anaomba kutoka. Diko zima likacheka. Matar hakucheka. Aliingiza mkono ndani ya ngalawa, akatoka na panga.

Simai hakuanguka. Alimrukia, wakaenda chini wote wawili kwenye magamba na matumbo ya samaki, na alipoinua uso alikuwa na nusu ya sikio mdomoni. Akalitema mchangani. Paka akaliwahi. Mpaka leo Matar hamwamini paka yeyote wa pale.

Sasa, mtu wa panga hatibiwi bila fomu ya polisi, na fomu ile ina pahala panapouliza nani kakukata. Mama yetu, Bi Mwanamkasi, akasema hampeleki jela mtoto aliyemnyonyesha kwa titi lake mamake alipougua. Ami naye akasema sikio la mwanawe litapona nyumbani. Yakamalizwa kifamilia.

Kumaliza kifamilia maana yake niliitwa mimi, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na biolojia nilipata D, ambayo kwetu ni udaktari. Nikenda dukani nikanunua vidonge vya rangi mbili, vile vyekundu na manjano. Nikavifungua kimoja kimoja, nikamwaga unga juu ya kidonda kama mtu anayenyunyizia embe mbichi pilipili. Vilivyobaki, Simai akameza viwili, mama akameza kimoja kwa ajili ya goti lake, na mimi nikameza kimoja kwa sababu vilikuwepo.

Siku ya kumi na mbili mguu ukaanza kunuka. Siku ya kumi na nne Simai akawa anazungumza na marehemu babu, na babu, kwa maelezo yake, alikuwa anamjibu. Tukamchukua mjini hospitali.

"Kajikata na shoka akipasua kuni," nikamwambia daktari wa upasuaji, Dokta Wakil.

Dokta Wakil akakitazama kidonda, akanitazama mimi. "Shoka hilo na yeye walikuwa na ugomvi?"

Walimkwangua kidonda tukiwa wanne tumemshika. Sitaki kusimulia sana. Simai alitafuna mto mpaka sufi ikatoka. Halafu Dokta Wakil akachukua kisu kidogo, akakata kipande cha nyama pembeni ya mfupa. Simai hakusikia chochote. Hata tone la damu halikutoka.

"Nyama inayotoa damu ni nyama hai," akasema. "Hii maiti, imelala na mwenyewe kitanda kimoja."

Majibu ya maabara yakaja Jumamosi. Walikuwa wamevijaribu vijidudu vya Simai kwa dawa saba. Zote saba viliziona maji. Dokta Wakil akasema atakata juu ya goti kabla havijapanda kwenye damu. Simai, ambaye kazi yake ni kuzamia na kutembea juu ya miamba maji yakitoka, akageukia ukuta. "Basi nikateni shingo kabisa," akasema. "Mvuvi wa mguu mmoja mtanifanya chambo?"

Hapo ndipo alipoingia Dokta Sukaina Bahadurali. Babu yake alikuwa na duka la dawa Darajani. Yeye hauzi dawa, anazitafiti. Akavuta kiti akatueleza. Vijidudu vilikuwa vimejenga ukuta wa ute juu ya mfupa, na kila kimoja kina pampu: dawa ikiingia, kinaitema. Yeye na wenzake wameificha dawa ndani ya chembe za nano, vijipovu vya mafuta. Ukipasua unywele mmoja vipande elfu kwa upana, kipande kimoja ndio kijipovu chenyewe. Kikigusa ngozi ya kijidudu kinayeyukia pale pale, na dawa inamwagika ndani kabla pampu haijaamka.

"Kama mwizi aliyejificha ndani ya gunia la mchele," nikasema. "Mnamwingiza wenyewe ghalani."

"Kama hivyo," akasema. "Lakini ni utafiti. Waliokwishaipata ni wachache, sikuahidini kitu. Na niambieni kweli, alitumia dawa gani kabla?"

Nikamwambia. Akafumba macho kidogo. "Ulivinyunyizia," akasema. "Vile vilivyokuwa dhaifu ukaviua, vilivyokuwa vikali ukavibakisha peke yao, na vikapata nafasi ya kuzaana."

Simai akatia saini. Chupa saba, kila siku moja kwenye mshipa. Dokta Wakil akasema anasubiri mpaka Alhamisi asubuhi. "Ntakata kipande chengine. Kikitoka kikavu, na mguu unatoka."

Jumapili chupa ya kwanza ikaingia. Mimi nimekaa kwenye benchi, sina kazi, simu ina chaji. Mtu kama mimi asiachwe na simu yenye chaji. Nikarikodi sauti, nikaipeleka kwenye kundi la vijana wa Chwaka: "Asalaam aleikum. Simai anatiwa roboti milioni mia mwilini, kila moja na panga lake. Zimeshaonjeshwa sikio la Matar. Mguu ukipona zinatoka, zinakuja kumalizia sikio la pili."

Watu wakacheka kwa maandishi na vikaragosi. Matar, nasikia, aliisikiliza mara tisa.

Alikuja Jumatano, saa ya kutazama wagonjwa, amejifunga khanga kichwani, mkononi kikapu cha chakula. Mgeni mwenye kikapu hapekuliwi. Chupa ya nne ilikuwa nusu.

"Asalaam aleikum," akasema kwa adabu kabisa. Macho yalikuwa mekundu, jasho linamtiririka. Akaweka kikapu chini, akatia mkono chini ya ndizi, akatoa kisu cha kuparia samaki. "Nionesheni zilipo."

"Nini?" Simai akauliza.

"Roboti."

Akaukata mpira wa dripu. Dawa ikamwagika sakafuni, na Matar akaanza kuikanyaga, mguu huu, mguu huu, kama mtu anayeua siafu. Nikamrukia mgongoni. Akanibwaga juu ya chuma cha kitanda. Jino likavunjika, nikalimeza. Nikashika kisu kwa kiganja, kiganja kikafunguka mpaka nikaona weupe. Wagonjwa wanapiga kelele, mzee wa kitanda cha pili kajificha chini ya shuka kama kwamba shuka ni ukuta wa Ngome Kongwe.

"Matar, nilikuwa natania," nikasema.

"Tangu uzaliwe hujasema kweli," akasema, keshanikalia kifuani, "leo ndo uanze?"

Harufu ikanipiga usoni. Ilikuwa harufu ya mguu wa Simai, inatoka ndani ya ile khanga. Akanishika nywele, akaniegesha kichwa upande. "Sikio kwa sikio," akasema. Nikahisi chuma nyuma ya sikio langu, baridi, halafu moto, na damu ikaniingia jichoni.

Ndipo Simai alipopiga teke.

Alipiga na mguu ule ule, mguu wa kukatwa, ambao kwa siku kumi hakuusogeza hata kidole. Alijizungusha kitandani akautuma kwa nguvu zake zote, ukampata Matar kwenye taya. Matar akaruka, akaangukia kikapu chake. Simai akapiga yowe ambalo hakulipiga hata siku ya panga.

Dokta Wakil akaja mbio na walinzi wawili. Bandeji ilikuwa imeloa, inadondosha. Akaifungua, akasema hapana, hapana, akitegemea kukuta usaha. Akabonyeza kwa kidole pembeni ya mfupa, akafuta, akabonyeza tena.

"Inatoka damu," akasema.

"Hata yangu inatoka," nikasema kutoka sakafuni, "mbona haikufurahishi?"

Dokta Sukaina naye keshafika. Aliyatazama maji yaliyokanyagwa, akenda akaleta chupa ya kesho, akaitundika mwenyewe.

Walinzi walikuwa wamemshika Matar mikono. Khanga ilikuwa imemvuka kichwani, na pale penye nusu sikio palikuwa kijani mpaka shingoni. Jino la Simai lilizama ndani kuliko tulivyodhani. Dokta Sukaina akachuchumaa mbele yake, akamwambia polepole kwamba homa ile itamuua kabla polisi hawajamaliza kumhoji, na kwamba akikubali, ataomba naye atiwe katika utafiti.

Matar hakumtazama yeye wala mimi. Alimtazama Simai. "Mwanakwetu. Hizo roboti zina panga?"

Wodi nzima ikanigeukia. Nilikuwa na jibu tayari, zuri kweli kweli, lingewachekesha mpaka wenye mishono. Nikalimeza, likafuata jino.

"Hazina," Simai akasema. "Mwenye panga ni wewe tu."

Matar akatia saini. Walipoanza kumkwangua lile sikio walitaka mtu wa kumshikia kichwa, nikajitolea, sikio langu limeshonwa, kiganja kimefungwa kwa shashi. Nilimshika kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika. Yeye akanishika shati, na wala hakuliachia mpaka walipomaliza.

Alhamisi asubuhi Dokta Wakil akaja na kile kisu kidogo. Akakata kipande pembeni ya mfupa. Simai akamtukana tusi la diko ambalo siwezi kuliandika hapa, na damu ikaruka ikampata daktari kwenye miwani.

Dokta Wakil akaivua, akaifuta kwa ncha ya koti, akamwambia asante.