Mgongo wa Baba Mkwe

Sijisifu bure. Mwaka ule wa 2003, Ipyana nzima hakukuwa na mtu mwingine aliyechora kwa kompyuta. Kama alikuwepo, ajitokeze. Penseli nilianza nayo shuleni, nikichora nyuma ya madaftari mpaka walimu wakachoka kunichapa. Kompyuta nilifundishwa na Samira, mwenye duka la kuchapa barua na fotokopi pale Bondeni. Siku za soko nikimaliza kuuza mchele, na wateja wake wakipungua, alinipisha kitini. Kuchora kwa kipanya ni kama kuandika kwa kipande cha sabuni, lakini ukikosea unafuta na hapabaki doa. Umeme ulikatika mara mbili ukaondoka na kazi yangu yote. Mara ya tatu nilikuwa nimeshajua kuhifadhi.

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Baba mkwe wangu, Mzee Zebedayo, alikuwa anatimiza miaka themanini, na wanawe walitaka picha yake ya kutundika sebuleni. Kamera alikuwa haitaki tangu mpiga picha mmoja wa kupita alipompiga yeye na marehemu mke wake, akaenda kusafisha picha, asirudi mpaka leo. Basi nikasema mbele ya ukoo mzima: "Nitamchora mimi."

Shemeji yangu Oscar alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji Angetile, utamchoraje mtu ambaye hujawahi kumtazama usoni?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Kwa mila yetu sisi Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe. Wengi wameshaiacha mila hiyo. Mzee hakuiacha, na mimi namheshimu. Miaka kumi na moja tulikuwa tunaishi uwanja mmoja. Akija, alikohoa kwa mbali, nami nikajibanza nyuma ya migomba mpaka apite. Lakini neno lilishanitoka, na nikishindwa, Oscar angenicheka mpaka kaburini.

Nikaanza kuwauliza watu uso wake ukoje. Mume wangu Ambwene alisema pua ya baba ni pana. Oscar akasema nyembamba. Wifi yangu Rut akasema wote wawili hawana macho. Nilifuta pua kumi na nne. Siku tatu kabla ya sherehe, Samira akasimama nyuma yangu.

"Dada Angetile, huyu nani?"

"Baba mkwe."

"Mbona umemchora kama humjui?"

Iliniuma, kwa sababu namjua sana. Nikaufuta uso wote. Nikachora nilichokiona kila asubuhi alipokwisha kunipita: kofia yake, koti la kaki lililopauka, jembe, kisigino cha kulia kinachokanyaga upande, na bega la kushoto lililoshuka. Sikumuuliza mtu yeyote. Samira akaitoa kwa karatasi nne, tukaziunga kwa gundi.

Siku ya sherehe nilikuwa jikoni, sikio ukutani. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa, kisha sauti ya Oscar: "Hana uso! Si niliwaambia?" Watu wakaangua kicheko.

"Nyamazeni," mzee akasema.

Nikasikia kidole chake kikigonga karatasi.

"Bega hili limeshushwa na magunia ya mpunga. Niliyabeba mpaka Kasumulu nikiwatafutia ninyi karo. Nani kati yenu alishaliona?"

Mzee akaendelea.

"Itundikeni juu ya mlango. Na mwambieni aliyechora, ndaga fijo."

Yaani asante sana, kwangu mimi! Nililia juu ya sufuria la maharage, na sioni haya kusema kwamba yalikuwa machozi ya majivuno. Rut akaja mbio kunipa salamu ambazo nilikuwa nimeshazisikia zote. Nikamwomba azirudie.

Kesho yake asubuhi nikasikia kikohozi. Nikajibanza kama kawaida, mzee akapita. Alipofika mgomba wa tatu, akasimama. Hakugeuka. Akaiweka kofia sawa, akavuta koti kwa nyuma likanyooka, akatulia na jembe lake begani. Nilisubiri aendelee na safari yake ya shamba. Haendi.

Ndipo nikaelewa. Nikachomoa penseli nywelini, nikaanza na bega.