Vidole vya Mtoto wa Watu

Mzee Mwinyimadi alitaka kitu kimoja tu: kurudi Masaki ya Kisarawe, kwenye nyumba yake na mikorosho yake. Kiharusi kilipompiga upande wa kulia, mwanawe Hashiru alimleta kwake Kibaha, na tangu hapo kila mazungumzo yaliishia palepale. Hashiru, mtu wa ofisi, alisema hatabishana na mzee wala na dada yake Saida. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atapima miguu na mikono. Akisema mzee anaweza kujihudumia, aende. Akisema hawezi, basi.

Saida hakuwa na wasiwasi. Alikuwa akimwona baba yake uani, akifua kanzu yake mwenyewe na kuikamua mpaka haidondoshi tone.

Siku ya kipimo, Telesphory, mtaalamu aliyemzoea mzee, alikuwa safarini. Aliyewapokea ni Laurensia, binti wa bara mwenye uso mkunjufu. Alimwambia mzee ainuke kwenye kiti, aende hadi mlangoni, ageuke, arudi akae, huku yeye akiangalia saa. Mzee aliinuka vizuri. Katikati ya njia akaingia mama mmoja mwenye mkongojo, akamwamkia shikamoo. Mzee akasimama. Akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, akauliza mguu unaendeleaje, ndipo akashika tena safari yake. Saa haikumsubiri.

Kisha akatakiwa afungue vifungo vya shati na kuvifunga. Alimtazama Saida, akagusa kifungo cha juu, akakiachia. Saida akatoka nje kumstahi. Aliporudi, vifungo vilikuwa vimefungwa vilevile, na Laurensia alikuwa amekwisha kuandika.

Kifaa cha kupimia nguvu za kiganja kilikuwa kibovu, hivyo binti alimpa vidole vyake viwili.

"Minya, babu. Kwa nguvu zako zote."

Mzee alivishika kama mtu anayetoa mkono wa pole msibani.

"Usinionee huruma, babu. Sitavunjika."

Mzee akatabasamu, akatazama sakafu.

Laurensia aliwaeleza kwa upole kwamba mwendo ni mzito na mkono hauna nguvu, na kwamba kuishi peke yake ni hatari. Saida alisema baba yake ana haya, si mdhaifu, apimwe na mwanamume. Binti hakukataa, akasema waje Telesphory akirudi. Aliyekataa ni Hashiru.

"Kipimo ni kipimo," alisema. "Tusizunguke na mzee mpaka kiseme tunachotaka sisi."

Jioni Saida alimuuliza baba yake kwa nini hakukaza. Mzee alimshangaa.

"Mtoto wa watu yule, mama. Nimbane vidole, tena mbele yako? Mimi nilijua wanaangalia kama maradhi hayakunichukua akili."

Kuanzia siku ile nyumba ilimtunza. Mke wa Hashiru alimnyang'anya ndoo, akasema mtaalamu amekwishasema. Kanzu ikafuliwa na mashine. Chai ikaja kwenye kikombe cha plastiki, wali ukaja na kijiko, na baadaye na mtu wa kukishika kijiko. Akiinuka, mtu alimrudisha kitini kwa heshima zote. Saida alipinga, akaambiwa kama ana uchungu sana amchukue kwake, huku wote wakijua alikuwa amepanga chumba kimoja na wanawe. Mzee hakulalamika. Aliacha tu kuuliza habari za mikorosho.

Masika yalipokwisha, Saida alimpeleka mwenyewe kwa Telesphory. Safari hii mzee aliingia kwenye kiti cha magurudumu. Telesphory akampa vidole viwili, akamwambia aminye.

Mzee alikaza. Saida aliona mishipa ya shingo ikisimama na mdomo ukipinda, na jasho likimtoka kwenye paji la uso. Telesphory alisubiri, akavitoa vidole vyake taratibu, akafunua faili. Akaandika namba ileile aliyoiandika Laurensia.

Saida alipompigia simu Hashiru, alijibiwa, "Si nilisema?"

Akarudi kumfunika baba yake miguu kwa kanga. Mzee alikuwa bado anahema. Alimvuta kidogo ainame, akamnong'oneza kama mtu mwenye habari njema.

"Safari hii nimekaza kweli, mama. Twende zetu Masaki."