Mkwaju wa Ng'ambo ya Sabaki

Bi Alawiya alipomwambia Dama kwamba anatafuta mtu wa kuukata mkwaju wa uani, Dama alishukuru, maana kazi ya bandarini ilikuwa haba na mumewe, Mung'aro, alishinda ndani. Ulikuwa mwaka wa pili tangu askari wa Waingereza walipowavusha Wagiriama mto Sabaki kwa nguvu na kuzitia moto nyumba zao. Wengi walipiga vibanda huku upande wa pili, wakawa wanatazama kwao kutoka mbali. Mung'aro hakuweza kutazama. Alimchukua mkewe wakateremka hadi Mvita, wakapata chumba pembezoni mwa Mji wa Kale. Yeye akawa hamali, Dama akateka maji katika nyumba za watu.

Mung'aro huyu hakuwa yule aliyemwoa. Yule alikuwa mcheshi, mtu wa ngoma na maneno mengi. Huyu akiingia alikula, akageukia ukuta. Dama alifikia kutamani hata wagombane.

Asubuhi ile walikwenda pamoja. Bi Alawiya, mjane ambaye wazee wake walitoka Arabuni zamani, aliwaonyesha mizizi iliyolipasua birika la maji, kisha akaingia ndani kuwatilia kahawa. Aliporudi, shoka lilikuwa chini. Mung'aro alikuwa amesimama, kiganja juu ya gome la mti, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Dama, mumeo ana nini?"

Dama akaeleza. Kwao ulikuwapo mkwaju kama huu. Mtoto wao wa pekee, Thoya, walimzika chini yake. Siku ya kufukuzwa walipogeuka nyuma, waliona moshi ukipanda pale pale.

Bi Alawiya aliliokota shoka akaliegemeza ukutani. "Birika litajengwa upande wa pili," akasema. "Huu uwateni, msiukate."

Tangu siku ile Mung'aro akawa hakosi kwa Bi Alawiya. Alifagia majani, akaokota ukwaju ulioanguka, na kokwa akazipanda ndani ya vifuu vya nazi alivyovipanga kando ya ukuta. Zikaota. Akaanza kumletea Dama habari zake: mche huu umetoa jani, ule umeliwa na mbuzi wa jirani. Dama alisikiliza kwa furaha yenye hofu, asijue kama mumewe anarudi kwake au anaanza kusahau kwao. Yeye hakusahau. Mvua ikinyesha, hata katikati ya vichochoro vya mawe alisikia harufu ya shamba lake.

Vita vya Wazungu vilipokuwa vinaelekea kwisha, ikaja habari kwamba wanaotaka kurudi ng'ambo wameruhusiwa. Dama akafunga mzigo. Mung'aro akakataa. Alisema hana macho ya kulitazama kaburi lililochomwa. Kama hakuna kilichobaki, afadhali asijue.

"Basi nitakwenda mimi, Baba Thoya," Dama alisema. "Nitakuletea habari, ziwe njema au mbaya."

Alifuatana na watu wa kwao waliokuwa wakirudi. Alipofika tena Mvita miguu ilikuwa imevimba. Alimkuta mumewe uani kwa Bi Alawiya, kata ya maji mkononi. Mung'aro hakumsalimu, alisimama akingoja.

Dama hakutaka kumficha. Alimwambia nyumba haipo, ghala halipo, mikorosho yote imeungua, na shamba limemezwa na vichaka.

"Na pale?"

"Mti uliungua. Lakini shina limechipua."

"Limefika wapi?"

Dama akainua mkono juu ya kichwa chake. "Lishanipita kimo. Nilikaa pale kutwa. Kuna ndege wamejenga."

Mung'aro akaketi chini, palepale kwenye tope la miche. Akauliza kama kaburi hupata kivuli asubuhi au jioni. Akauliza kisima, njia, majirani, nani karudi na nani hakuonekana, na Dama akamjibu yote mpaka sauti ikamkauka.

Bi Alawiya ndiye aliyewatafutia makapu ya kubebea miche. Aliomba aachiwe mmoja tu. Walipovuka maji kuelekea Nyali, njia ya kurudi kwao, Mung'aro alikuwa mbele, makapu yananing'inia kwenye mti alioubeba begani, anaongea. Alipanga mche gani utakaa wapi, akabadili, akapanga upya. Dama alikuwa amechoka, na safari ilikuwa ndefu bado. Alimwacha aseme.