Makofi Katika Darasa la Kumbukumbu

Pale idarani mwaka wa masomo ulikuwa hauanzi mpaka Profesa aibiwe mkoba wake.

Wanafunzi wapya wakishakaa, naye akishaandika ubaoni "Saikolojia ya Utambuzi" kwa ile chaki aliyokataa katakata kuiacha hata baada ya kuletewa projekta, mlango ulisukumwa kwa kishindo, mtu akaingia mbio, akanyakua mkoba mezani na kutokomea. Ukumbi mzima roho juu. Kila mwaka hawakukosekana mashujaa wawili watatu wa viti vya mbele walionyanyuka kutaka kumkimbiza.

"Kaeni, wanangu," Profesa alisema, mkono hewani. "Kila mmoja aandike mwizi alikuwaje."

Hapo ndipo vichekesho vilipoanza. Huyu kaandika shati jekundu, yule la kijani. Mmoja kaona ndevu, mwenzake kaona kipara. Kuna mwaka binti mmoja aliapa kwamba mwizi alikuwa na kisu, tena kirefu. Kisha mwizi alirudi taratibu na mkoba wa Profesa, shati jeupe, kidevu laini, kichwa kimejaa nywele, hana hata wembe: fundi wa maabara, mtu mpole aliyeona haya hata kupiga chafya mbele za watu.

"Hatupigi picha," Profesa aliwaambia wakishachoka kucheka. "Tunatunga."

Kwa vituko hivyo wanafunzi walimbandika jina la Kiinimacho. Aliwasomea maneno: kitanda, mto, shuka, ndoto, kukoroma, kesho yake nusu ya darasa wakaapa kwamba walisikia "usingizi," neno ambalo hakulitamka kabisa. Aliwahi kufundisha saa nzima akiwa na kiatu cheusi mguu huu na cha kahawia mguu ule, apate kuwaonyesha jinsi mtu anavyoweza kutazama kitu asikione. Wanafunzi wakajifunza kwamba kwake hakuna kosa la bahati mbaya. Ukimwona Kiinimacho amekosea, chunga, umeingizwa kwenye jaribio.

Mhadhiri msaidizi wake alikuwa binti aliyewahi kuwa mwanafunzi wake mwenyewe. Wanafunzi walimwita Madam Mnong'ono, kwa sababu waliokaa viti vya nyuma walimsoma midomo tu. Kwenye vikao vya idara angeweza kukaa na neno lake mdomoni mpaka kikao kifungwe, akaondoka nalo. Profesa alimchagua hivyo hivyo alivyo. "Wengi wanataka kusikika," alimwambia. "Wewe unaona. Hiyo ndiyo kazi yetu." Akaanza kumtambulisha kwa wageni kama "macho yangu," naye kila mara alitazama sakafu, huku moyoni akiona fahari isiyo na kifani.

Utafiti wao ulihusu kumbukumbu za wazee. Maabara ilikuwa chumba kimoja kisicho na dirisha, kompyuta mbili, pazia katikati. Alasiri moja mzee mmoja nadhifu, mhasibu mstaafu, alimaliza majaribio yake, akawapa mikono, akawaambia yalikuwa rahisi mno, wamtafutie magumu zaidi siku nyingine. Alikuwa hajapata hata nusu. Mlango ulipofungwa, Profesa alibaki ameutazama.

"Umemwona? Kaenda zake anajua amefaulu."

"Wengi wako hivyo, Mwalimu."

"Ndiyo. Na mimi nikifika hapo nitakuwa hivyo hivyo. Mimi sitajua, wewe utajua. Uniambie mimi kwanza, kabla ya mke wangu, kabla ya mkuu wa idara."

"Usiseme hivyo, Mwalimu."

"Sikukuuliza kama inapendeza. Nakuuliza kama utaniambia. Nataka niage darasa langu mwenyewe, kwa akili yangu, siku niliyoichagua mimi. Sitaki nitolewe kama kabati bovu."

"Nitakuambia," alisema, na kwa kweli aliapa ndani ya nafsi yake.

Ilipita miaka kadhaa. Halafu ukaja muhula ambao Profesa alifundisha somo la kusahau, na wiki iliyofuata akalifundisha tena. Mifano ile ile, hata utani ule ule wa bwana harusi aliyesahau jina la mkwewe. Madam Mnong'ono, aliyekaa nyuma kama kawaida yake, aliona wanafunzi wakigusana viwiko na kutabasamu. Akajisemea, Mwalimu huyo, kaanza tena mambo yake.

Wiki ya tatu akaandika ubaoni kichwa kile kile.

Alipofika kwa bwana harusi, kijana mmoja mjuaji, visikizi vimemning'inia shingoni, alinyoosha mkono. "Profesa, tumekushtukia! Hili ni jaribio, sivyo? Unapima tutachukua muda gani kugundua kwamba unarudia."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Profesa hakucheka. Chaki ilibaki imesimama hewani. Alitazama ubao, akatazama karatasi zake, akazigeuza, akazigeuza tena. Kisha akainua uso na kutazama juu ya vichwa vyote, mpaka nyuma kabisa, kwa msaidizi wake.

Yalikuwa macho ya mtu aliyeshuka kituo asichokijua.

Naye msaidizi akacheka. Hata yeye hakuweza baadaye kueleza vizuri kwa nini. Alicheka kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Kwa sababu kama asingecheka, pengine wangegeuka wakaona alichokiona yeye. Kwa sababu kicheko kilikuwa karibu na maneno yalikuwa mbali. Uso wa Profesa ukafunguka kama pazia.

"Mmechelewa!" akasema. "Nilidhani mtanikamata wiki iliyopita!"

Wakampigia makofi, wengine wakiwa wamesimama.

Kesho yake Madam Mnong'ono alikwenda ofisini kwa Profesa kumwambia. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Akamkuta anasahihisha kazi, anaimba kwa pua, furaha tupu.

"Ulikuwa na shida, mwanangu?"

"Hapana, Mwalimu. Nilikuja kuazima stepla."

Akaondoka na stepla asiyoihitaji. Wiki nyingine akarudi na nia ile ile, akaondoka na mkasi. Mpaka katikati ya muhula droo yake ilikuwa na stepla, mkasi, gundi na rula ya Profesa, na mwenyewe alikuwa akionekana kila siku akipekua meza yake, akijilaumu kwamba siku hizi anapoteza vitu.

Kisha mke wa Profesa akampigia simu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke wa maneno machache na utani mkavu.

"Mwanangu, huko kazini mwenzangu yuko sawa? Huku ananichanganya. Jana kanunua mkate, katoka kanunua mkate, katoka tena kanunua mkate. Nimemwambia tufungue duka. Kanuna mpaka leo."

Hapo palikuwa pahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, tena umefunguliwa na mwingine. Alichotakiwa ni kupita tu. Lakini alikumbuka kwamba aliahidi kumwambia Profesa kwanza, na kwa kuwa hakuwa amemwambia Profesa, aliona hana ruhusa ya kumwambia mkewe. Woga una mantiki yake, na siku ile ulijipamba kwa jina la uaminifu.

"Huku yuko sawa kabisa, Mama," akasema. "Labda ni uchovu."

"Afadhali." Pumzi ndefu ikasikika kwenye simu. "Basi ni mimi ninayezeeka."

Karibu mwaka ukapita hivyo. Msaidizi akawa anamsahihishia alama kimyakimya, anampangia karatasi, anamkumbusha chumba kwa kujifanya wanaelekea njia moja. Alijiita msaada. Kumbe alikuwa anafunika doa tu.

Jambo lilifumka mchana kweupe. Profesa aliingia ukumbini wakati mhadhiri wa takwimu anafundisha, akamwamuru aondoke darasani mwake. Mhadhiri yule, ambaye zamani naye aliwahi kunyanyuka kutaka kumkimbiza mwizi wa mkoba, alicheka, akakaa mstari wa mbele kama mwanafunzi, tayari kwa onyesho. Simu zikatoka mifukoni. Profesa akashika chaki, akauelekea ubao uliojaa hesabu za watu, akasimama. Akasimama sana. Makofi yakaanza, kwanza machache, kisha ukumbi mzima. Katikati ya makofi hayo mzee wa watu akageuka, machozi yanamtiririka, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, nyinyi ni akina nani?"

Jioni ile video ilikuwa kwenye kila simu. Wengine waliituma na maneno, "Kiinimacho katupiga tena." Ilichukua muda kabla watu hawajaacha kucheka.

Mkuu wa idara alimwita Profesa na kumpa barua ya kupumzika. Vitabu vyake vilibebwa kwa maboksi. Darasa lake lilikabidhiwa Madam Mnong'ono, bila neno la kuaga kutoka kwa yeyote.

Ilimchukua msaidizi wiki nyingi kupata ujasiri wa kwenda nyumbani kwa Profesa. Mke wa Profesa alifungua mlango. Hakumwita mwanangu. "Karibu," alisema, basi.

Profesa alikuwa sebuleni, karibu na dirisha, shati limepigwa pasi. "Aa, macho yangu hayo! Darasa wanaendeleaje?"

"Vizuri, Mwalimu."

"Nani anawafundisha?"

"Mimi."

"Na wanakusikia?"

Wakacheka wote wawili. Chai ikaletwa. Kabla haijapoa, Profesa akainama mbele kwa hamu. "Enhe, darasa wanaendeleaje?" Binti akajibu kama anayeulizwa kwa mara ya kwanza. Mke alikuwa anamtazama. Baada ya kitambo, swali likaja tena, na hamu ile ile, na sauti ile ile. Binti akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, nimekuja kukuambia kitu. Nilijua mapema. Nilijua tangu siku ile walipokupigia makofi. Uliniomba nikuambie na mimi sikukuambia."

Aliyejibu alikuwa mke.

"Na mimi nilikuuliza," alisema polepole. "Nilikupigia simu nikakuuliza, ukasema yuko sawa. Nikaacha kumpeleka hospitali. Nikaona ni ukaidi. Nikawa nagombana naye juu ya mikate, juu ya bomba lililoachwa wazi, juu ya kila kitu. Mwaka mzima nagombana na mgonjwa."

"Nisamehe, Mama."

Mama alifuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Sijui," akasema. "Leo sijui."

Profesa alikuwa ameweka kidole mdomoni, kama alivyozoea kufanya pale mwanafunzi anapomletea matokeo asiyoyatarajia.

"Siku ya makofi naikumbuka," akasema. "Ajabu, eh? Hiyo naikumbuka. Sikujua niko wapi. Nikakutazama wewe. Nikaona unacheka." Akatabasamu kidogo. "Nikajiambia, huyu ndiye macho yangu, kama anacheka basi niko salama. Nilirudi nyumbani naimba."

Machozi yakamtoka binti. Profesa akamtazama kwa wasiwasi, akamsogezea kitambaa cha meza, hakikumfikia, akakiacha.

"Na leo?" akauliza. "Tangu umefika, nimerudia kitu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Umeniuliza habari za darasa mara tatu."

"Mara tatu." Aliipokea kama namba ya kwenye jedwali. "Na umenijibu nini?"

"Kwamba wanaendelea vizuri."

"Ni kweli?"

"Si kweli. Wanasinzia."

Profesa alicheka mpaka akakohoa, hata mkewe akageuza uso kuficha midomo. Kwa dakika chache ilikuwa kama zamani. Wakazungumza juu ya fundi wa maabara, juu ya pazia la maabara lililochanika. Kisha dirishani gari likapita, na Profesa akainama mbele kwa hamu.

"Enhe," akasema, "darasa wanaendeleaje?"

Uongo wa zamani ulimjia binti kwanza, mwepesi, umeshazoea njia. Akaumeza.

"Umeshaniuliza, Mwalimu."

Akaona jambo alilolikimbia mwaka mzima likipita kwenye uso ule: aibu, ndogo tu, kama ya mtoto aliyelowesha kitanda ugenini. Profesa akashusha macho kwenye mikono yake, akaipindua, akaitazama viganja. Maneno yale yale, yangesemwa mapema, yangemuuma vivyo hivyo, lakini wakati ule alikuwa na nguvu ya kuyafanyia kitu: kuchagua siku, kusimama mbele ya wanafunzi wake, kuwaambia kwaherini. Leo yalimuuma tu.

Mke akaondoka alipokuwa, akaja kukaa karibu na mumewe, akaishika mikono ile akaituliza. Mgeni akabaki peke yake upande wa pili wa meza, na chai iliyopoa.