Kuku wa Jaji Kapembwa

Barua niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikicheka peke yangu. Redio ilisema kwamba Chama Kapembwa, aliyekuwa hakimu wetu hapa Chipata, ameteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na mwenye neno juu yake aliandikie Bunge kabla hajathibitishwa. Mimi Mngoni, yeye Mbemba. Ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana. Ningenyamazaje?

Nikaandika: "Mbemba huyu hafai. Amewala nyani wote wa kaskazini, sasa mnataka awamalize na wa Lusaka. Tena nilimpelekea kuku kesi yangu ikiwa mbele yake, akanitendea vibaya. Jailos Shonga." Nilijua atasomewa, atacheka, atajua bado nipo.

Wiki mbili baadaye nikaitwa Lusaka mbele ya kamati. Kuthibitishwa kwake kumesimama, na sababu ni mimi.

Nilimkuta Kapembwa, mama wa watu, amekaa pembeni, mikono mapajani, hanitazami. Nikashika Biblia, nikaapa.

"Mzee Shonga," akasema mwenyekiti, Mlozi mmoja mwenye miwani, "habari ya nyani tumeielewa. Hata sisi tuna watani wetu." Wabunge wakacheka. "Lakini huyu kuku si utani. Mwenye kesi anampelekea hakimu kuku! Alimpokea?"

Hapo nikabanwa. Kwetu mtani humsifu mtani wake siku ya kumzika tu, na hapo pia kwa shingo upande. Mngoni amsifu Mbemba hadharani, tena bungeni? Lakini nilikuwa nimeapa, na mwenzangu alikuwa anapoteza ujaji kwa mzaha wangu. Nikaukazia macho ukuta.

"Hakumpokea."

"Sauti, mzee."

"Hakumpokea! Nilikwenda kwake asubuhi, kuku kwapani. Nikamwambia, 'Huyu wa utani tu.' Akaniuliza, 'Kesi yako lini?' Nikasema kesho. Akasema, 'Basi leo sina mtani,' akanifungia mlango. Kesho yake akatangaza mahakamani, jirani yangu niliyekuwa nagombania naye mpaka wa shamba akisikia, kwamba nilimletea kuku akamkataa. Aibu niliyoipata! Halafu akaja shambani mwenyewe, na viatu vyake vizuri, akapima matopeni. Nikashindwa."

"Alikuonea?"

Ee Mungu wangu. "Mpaka ulikuwa wa jirani. Nilijua tangu mwanzo."

"Kwa hiyo unasemaje juu yake?"

"Kama mtani, hafai hata kidogo. Kama jaji..." Nikautazama ukuta tena. "Mpeni. Mpeni, mniache nirudi kwangu."

"Unaondoa malalamiko yako?"

"La kuku naliondoa. La nyani libaki."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na katikati yake nikasikia cha Mama Kapembwa, kikubwa kuliko vyote. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Siku alipoapishwa nilimngoja nje, nina kuku safi mwekundu. Akatoka na wigi lake kichwani.

"Mla panya! Nani amekuruhusu kuingia mjini?"

"Nimekuja kuona nyani aliyevaa wigi. Kesi yangu imekwisha miaka saba sasa. Mpokee kuku."

Akamtazama yule kuku kwa hamu kabisa, kisha akatikisa kichwa. "Una watoto, una wajukuu, una ule ugomvi wako. Wowote wanaweza kuletwa mbele yangu. Jaji anastaafu akifika sabini. Niletee siku hiyo."

"Kwani una mingapi?"

"Arobaini na minane."

Nikahesabu. "Miaka ishirini na miwili! Kuku gani huyo?"

"Mfuge atotoe."

"Na mimi nitakuwa na tisini na mmoja, Mbemba wewe!"

Akaacha kucheka. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti kidogo, jaji mzima, mbele za watu. "Basi ole wako ufe, Shonga. Umenisifu mbele ya Bunge, na bado sijakulipizia."

Nikarudi Chipata na kuku wangu. Sasa ametotoa mara ya tatu. Kila uzao nachagua mtetea mmoja, namfunga uzi mwekundu mguuni, na mke wangu ameshaambiwa asimguse hata wageni wakija. Na tumbaku nimeacha.