Mkono wa Sabra na Nguo za Kafa Ulaya

Neno lenyewe nililikuta bombani, hapa Mafiga, Morogoro, nikiwa nimeinama nakinga maji. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwamba binti yangu Sabra amevaa sweta la marehemu. Kwamba huyo mzungu mwenye sweta alikufa na maumivu ya mifupa huko kwao, nguo haikufuliwa, na sasa maumivu yamepata mwili mwingine wa kukaa.

"Si hizi nguo za mitumba zinaitwa kafa ulaya?" alisema. "Sasa wewe ulidhani jina limetoka wapi?"

Nilijitwisha ndoo nikaondoka kama sikusikia. Lakini lile neno liliingia nami ndani. Nikipika liko, nikiswali liko. Kwa sababu, jamani, lilifanana sana na kile nilichokuwa nakiona kwa macho yangu. Mwanangu alikuwa anaumizwa na nguo. Si jiwe, si panga. Nguo.

Ngoja nieleze ilivyoanza, maana wengine mtasema nimewaletea hadithi za bombani.

Sabra alimaliza darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea. Ilikuwa ile miaka biashara imefunguliwa, nguo za mitumba zinaingia Morogoro kwa marobota, na viwandani huku watu wanapunguzwa. Baba yake alikuwa mmoja wa waliopunguzwa, akaenda Kilombero kutafuta kibarua kwenye miwa. Sabra akapata kazi ya kumsaidia Magreth, mama wa Kichaga mwenye meza ya mitumba sokoni. Siku moja robota liliteleza wakati wanalishusha kutoka kwenye mkokoteni, likamwangukia mkono wa kulia. Hospitali walipiga picha, wakasema mfupa ni mzima, ni mshtuko tu wa kifundo. Wakamfunga bandeji. Wakasema utarudi kama zamani.

Uvimbe ulipungua. Maumivu yakazidi. Hapo ndipo pa kushangaza, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia. Kidonda chochote nilichokijua mimi kinauma mwanzoni kisha kinapoa. Huu mkono ulikuwa unarudi nyuma. Mara umekuwa mwekundu, mara wa zambarau, mara wa baridi unatoka jasho kama umetolewa mtungini. Pindo la khanga likiugusa, Sabra anaruka. Upepo wa kutoka mlimani ukiingia dirishani, anajikunja. Nilimuona akitazama inzi aliyetua kwenye kiganja chake, machozi yanamtoka, wala hawezi kumfukuza.

"Mama, ananikanyaga," aliniambia.

Inzi! Mimi nifikiri nini?

Nikamvua lile sweta la bluu alilopewa na Magreth, nikalianika kambani nje, nikaogopa hata kulikunja. Mkono nikaufunga kwa khanga kifuani, kama mtu anavyombeba mtoto mchanga. Nikamlisha. Nikamuogesha. Nikamkataza kuosha hata kijiko. Kila mara namuuliza, inauma? Inauma sasa? Na kila nikimuuliza, inauma.

Nikampeleka tena hospitali. Safari hii tukaelekezwa chumba cha mazoezi, kwa kijana mmoja mpole anaitwa Bwana Leonard. Foleni ilikuwa imefika mpaka uwanjani. Akautazama mkono, hakuushika, akanitazama mimi, akasema: "Mama, msiulee huu mkono. Mrudi Jumatatu tuanze kazi."

Msiulee. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea. Sisi tukisema mtu analea ugonjwa, tuna maana amekaa nao, hautafutii dawa, anaungoja umzidi. Mimi nikasikia hivyo. Nikasikia: mama, umezembea, ukimbizane na dawa. Jumatatu sikurudi. Nilikuwa zahanati moja ya mtu binafsi, zile zilizoanza kufunguliwa kila mtaa wakati ule, Sabra anadungwa sindano. Wiki nyingine tena sindano. Sindano ya nini? Sikuuliza. Khanga nikaikaza zaidi. Usiku Sabra anaota robota, mchana hataki kuongea, na maumivu yamepanda mpaka begani, ambako robota halikugusa kabisa.

Vidole vikaanza kukauka vikiwa vimekunjika. Nikasema basi, mwanangu anapooza mbele yangu.

Ndipo habari ilipofika Kinole, kwa kaka yangu Salehe. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akisema neno juu ya mtoto, limesemwa. Kaka Salehe alishuka kutoka mlimani na kikapu cha ndizi na iliki kidogo, akaketi kwenye mkeka uani, akasikiliza. Alikuwa ameshasikia mambo ya sweta. Sijui nani alimpelekea.

"Hicho ni kitu kimemwingia," alisema. "Kuna mzee kule juu anakitoa. Anachanja kuanzia kwenye bega mpaka kiganjani, anasugua dawa, anakamua. Kesho alfajiri napanda naye."

"Kaka, mkono wenyewe hauguswi na khanga. Utachanjwa vipi?"

"Atashikwa."

Sabra alikuwa amekaa mlangoni. Alinitazama mimi, si mjomba wake. Sijapata kutazamwa hivyo na mtoto wangu tena, na Mungu anisaidie nisitazamwe hivyo tena.

Sikumjibu kaka. Kumkatalia kaka mkubwa, mbele ya mtoto, kwa jambo la ukoo? Nikaingia jikoni kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Wakati huo akaingia Mikaeli. Huyu ni jirani yetu, Mnyamwezi, alikuwa fundi kiwandani pamoja na mume wangu. Wanyamwezi na sisi ni watani, na Mikaeli utani wake haujui msiba wala ugonjwa. Alikuja amejipaka unga usoni, amevaa koti refu la mitumba linaburuza chini, anachechemea.

"Hodi! Hodi wenyeji! Mimi ndiye marehemu."

"Marehemu gani tena?" nikamuuliza.

"Marehemu wa Ulaya. Nimetoka kwetu kwa miguu, nimefuata sweta langu la bluu. Kaburini kuna baridi, nyie Waluguru mmeniibia!"

Kaka Salehe akakunja uso. "Mtani, leo hatutaki mchezo. Kuna mgonjwa hapa."

Mikaeli akamgeukia, akainama akamtazama miguuni. "Ala! Na hii suruali? Hii suruali ni ya marehemu mdogo wangu! Naijua kwa kiraka cha matakoni. Vua, mzee. Vua sasa hivi, mdogo wangu anatembea uchi ahera!"

Kweli suruali ya kaka ilikuwa ya mitumba. Nani wakati ule alikuwa na suruali nyingine? Kaka akajishika mkanda kama anayeogopa kuvuliwa kweli. Watoto wa jirani wakaangua kicheko ukutani. Mimi mwenyewe nikashindwa. Na Sabra, ambaye hakuwa amecheka tangu robota, alicheka mpaka khanga ikamlegea kifuani. Mikaeli akaenda kwenye kamba kuchukua "sweta lake", akapita mlangoni akijifanya kumkanyaga, na Sabra akamsukuma kifuani.

"Toka huko, maiti wewe!"

Alimsukuma kwa mkono wa kulia.

Kicheko kikakatika. Hata Mikaeli alisimama na unga wake usoni. Sabra aliutazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine.

"Kumbe," kaka alisema polepole. "Kumbe mkono mzima."

Nitawaambia ukweli, na mimi moyoni nilisema kumbe. Muda mfupi tu, lakini nilisema. Kaka akanyanyuka, akaushika ule mkono kwa viganja viwili, akavinyoosha vile vidole kwa nguvu. Sabra alitoa sauti ambayo sikuitambua kuwa ni ya mwanangu, akateleza chini pale mlangoni, ametapika, macho yamegeuka. Kile hakikuwa kitu cha kujifanya. Hakuna mtu anayeweza kujifanya rangi ile. Mkono ukabadilika mbele yetu, ukawa wa zambarau mpaka kwenye kiwiko.

Kaka akauachia. "Basi ni hicho kitu," alisema. "Kiliposikia kicheko kilijificha. Sasa kimerudi."

Nikamtazama kaka yangu. Mkono ukisogea, mtoto ni mwongo. Mkono ukiuma, mtoto ana kitu. Kila upande anapandishwa mlimani akashikwe achanjwe. Ndipo nikaona kwamba nikinyamaza tena, hakuna mwingine atakayesema.

"Haendi, kaka."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Mtoto ni wa ukoo."

"Ni wa ukoo. Lakini umeushika wewe mwenyewe kwa viganja tu, na umeona. Wembe utafanya nini?"

"Mkono ukipooza usinitafute."

Alichukua kofia yake, akaondoka siku ileile. Mikaeli alikwenda kunawa uso, akarudi akaketi pembeni bila kusema mzaha wowote.

Kulipokucha nilikwenda chumba cha mazoezi, Sabra nyuma yangu amejifunika. Nikamweleza Bwana Leonard yote, kicheko, kusukuma, kushikwa. Nikamuuliza lile lililokuwa linanila: "Anajifanya?"

"Hajifanyi. Maumivu ni ya kweli kabisa. Jeraha lilipona, mama, lakini mishipa ya fahamu haijaamini. Imezoea kupiga kelele, sasa inapigia kelele hata inzi. Alipocheka alisahau kuogopa, mkono ukapata nafasi ndogo ya kusogea. Hivyo ndivyo tutakavyofanya, kidogokidogo. Lakini mbona nilikwambia msiulee, na wewe umeufunga kama kichanga?"

"Ulisema tusiulee, nikautafutia dawa."

Akashika kichwa. "Nilikuwa na maana msiudekeze. Uachwe ufanye kazi."

Neno moja hilo, jamani. Lingenigharimu mkono wa mwanangu.

Tukaanza. Pamba kwanza, Sabra mwenyewe anajipitisha taratibu kwenye ngozi, mimi siruhusiwi kugusa. Akiizoea pamba, khanga laini. Kisha taulo. Kisha gunia. Mkono ndani ya beseni la maharage makavu, anautembeza. Kuchambua mchele. Kukamua nguo nyepesi. Siku nyingine analia na mimi natoka nje nisimwone. Bwana Leonard alisema maumivu yakipanda kidogo tusikimbie, yakipanda sana tupunguze, tusiache.

Msidhani alipona. Leo ni mtu mzima wa kujitegemea, asubuhi yuko kwa Magreth, anakunja nguo na kubishana bei kama mwingine. Vidole vimenyooka, ila kimoja. Lakini akijisikia vizuri anajisahau, anabeba, anafua ya nyumba nzima, halafu siku zinazofuata yuko kitandani anakwepa shuka. Baridi ya mwezi wa sita inamrudisha nyuma. Akigombana na mtu, mkono unajua kabla yake. Mgeni akimpa mkono kwa nguvu kumsalimu, ananyamaza, lakini mimi naona shingo inavyokaza.

Na kaka hajashuka. Watu wa Kinole wakija na machungwa sokoni nawauliza, wanasema hajambo. Mimi kila asubuhi bado namwibia Sabra jicho wakati anashika kikombe cha chai, nione vidole vimeamkaje. Ananiambia, "Mama, acha kunihesabu." Naacha. Kisha naangalia tena.

Sasa juzi amekuja kwangu mama mmoja na mtoto wake wa kiume, aliteguka mguu kwenye mpira, hospitali wamesema mfupa mzima, na mguu hauguswi na soksi. Ameufunga kwa khanga, ameuning'iniza. Mtoto habanduki mkekani. Huyo mama ananiuliza kwa sauti ya chini kama najua mtu wa kuchanja. Nilimwambia yote niliyowaambia ninyi, nikaona nikiyaacha mdomoni yatapotea, kwa hiyo nayaandika. Haya ni ya kuepuka, mengine nimeyapata kwa Bwana Leonard, kama mtoto wako amepona jeraha na maumivu yamekataa kuondoka:

Epuka kufunga mkono au mguu ukae bila kazi, baada ya hospitali kusema mfupa ni mzima.

Epuka kumvuta au kumnyoosha kwa nguvu, hata kama ni wewe mama yake.

Epuka chale na dawa za kusugua kwenye ngozi inayouma.

Epuka sindano ambayo hujaambiwa ni ya nini.

Epuka maji ya moto sana, na barafu pia.

Epuka kumlisha na kumfanyia kila kitu.

Epuka kumwacha amalize kazi zote siku anayojisikia vizuri.

Epuka kumuuliza kila saa kama inauma.

Epuka kumwambia anajifanya, na epuka watu wanaosema hivyo akiwa anasikia.

Epuka kuacha mazoezi kwa sababu ya siku moja mbaya.

Epuka kumwahidi tarehe ya kupona.